Naomba ushauri: wafanyakazi wa viwandani wamekipa chama chetu kisogo, tuwarudishe vipi?

Katibu wa Tawi

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni katibu wa tawi la chama kimoja cha siasa huku Changamwe, Mombasa, na jina la chama naomba nilihifadhi kwa kuwa sijatumwa na mtu kuandika haya. Eneo letu ni la wafanyakazi: watu wa bandarini, madereva na utingo wa malori, na vibarua wa viwanda na maghala yaliyopangana kuelekea Miritini. Hawa ndio waliokuwa uti wa mgongo wa chama. Leo tukiitisha mkutano tunapata wazee na watoto wa shule, na vijana wa viwandani wanapita kando ya viti wakielekea nyumbani bila hata kugeuza shingo.

Katika uchaguzi wa Agosti 2022, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha katika Kaunti ya Mombasa hawakupiga kura, na nina hofu kwamba mwaka 2027 hali itakuwa mbaya zaidi. Mwenyekiti wetu ameandaa mashindano ya kandanda kati ya viwanda, pamoja na jezi na unga kwa familia za wachezaji. Ninachoomba kwenu ni ujumbe: tuwaambie nini watu hawa ili watusikilize tena? Nimeanza kukosa usingizi kwa jambo hili, kwa sababu nimekitumikia chama hiki tangu ujana wangu.

Mzee wa Kilindini

Mwanangu Katibu, pole kwa mzigo huo. Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini, na hadithi aliyotusimulia mara nyingi kuliko zote ni ya mgomo wa Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliweka kazi chini, kuanzia wa bandari na reli hadi wa mahotelini na majumbani. Hapakuwa na jezi wala unga. Watu walikuwa wakikusanyika kila siku Kiwanja cha Maskini, wakaelezana habari za mshahara na kodi ya nyumba, na hapo ndipo Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lilipopata nguvu chini ya Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huohuo na kumpeleka kuishi kizuizini mbali kabisa, huko Baringo, lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupata nyongeza. Baba alisema walimwamini kijana yule kwa sababu alizungumza habari ya chumba wanacholala na senti wanazolipwa, na hakuondoka jambo lilipokuwa zito. Siku hizi viongozi wetu wanakuja na muziki mkubwa hata mtu hawezi kuuliza swali.

Mlipa Makato

Kwa heshima zote kwa Mzee, tatizo la leo liko kwenye hati ya malipo. Mimi ni mwajiriwa wa kudumu. Zamani mchango wangu wa hifadhi ya jamii ulikuwa shilingi 200 tu kwa mwezi. Tangu mwaka 2023 umekuwa ukipanda, ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, na kuanzia Oktoba 2024 bima ya afya ikawa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Sikatai kuchangia matibabu wala uzeeni. Ninachokataa ni kwamba hakuna mwanasiasa hata mmoja aliyekuja kuketi nasi kutueleza kabla ya kupiga kura bungeni, wa serikali wala wa upinzani. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa, vyama vyote vilishangaa kama kwamba havikuwa vinaishi nchi hii. Katibu, chama chako kilipigaje kura juu ya tozo ile? Anza kwa kujibu hilo.

Dereva Mstaafu

Mimi nitajibu kwa upande wa barabara. Mwaka 2019 ilipoagizwa kwamba makontena yote yapande reli mpya, tulioishi kwa malori tuliona yadi zikifungwa na mama ntilie wakihama, kutoka Changamwe hadi Mariakani. Kila Jumatatu watu waliandamana mjini. Mwaka 2022 mgombea urais aliyeahidi kurudisha huduma za kutoa mizigo hapa Mombasa alilitangaza jambo hilo siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba. Mtu anaweza kumpenda au kumchukia kwa mengine yote, lakini madereva wanaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu lilikuwa jambo moja, linaloeleweka, na lenye mtu wa kuulizwa. Chama kinachosema kitainua maisha ya mwananchi wa kawaida hakijasema kitu ambacho mimi naweza kukidai.

Msafiri wa Leeds

Salamu kutoka Uingereza, ambako nafanya kazi ya ghala. Huku chama cha Labour kilianzishwa na vyama vya wafanyakazi wenyewe, na bado mwaka 2019 kilipoteza majimbo ya wachimba makaa kilichokuwa kikiyashika kwa miongo mingi. Bolsover lilikuwa na mbunge aliyekuwa mchimba makaa, Dennis Skinner, tangu 1970, naye pia aliangushwa. Naleta mfano huu kwa wale watakaosema dawa ni kumsimamisha mgombea mfanyakazi. Migodi ilifungwa, na pamoja nayo zikafifia kumbi za vyama vya wafanyakazi, mahali ambapo watu walikuwa wakikutana na chama chao wiki hadi wiki; kilichobaki ni vipeperushi mlangoni. Mwaka 2024 Labour ilishinda tena kwa wingi wa viti, jimbo hilo likiwemo, lakini kwa takriban theluthi moja tu ya kura zilizopigwa nchini. Viti vilirudi zaidi kuliko imani.

Binti wa Chaani

Nimesoma yote na ninawaheshimu, lakini hakuna aliyeuliza jambo la msingi. Ndugu Katibu, hao vibarua unaowataka wanaajiriwa na nani? Nimefanya kazi ya kufungasha bidhaa katika maghala ya eneo hilohilo, na ninajua kwamba mara nyingi kiwanda hakimwajiri kibarua moja kwa moja. Kuna wakala katikati. Umetaja mwenyekiti anayegharamia mashindano, jezi na unga. Fedha hizo anazipata wapi? Anafanya biashara gani?

Katibu wa Tawi

Dada, mwenyekiti wetu ni mfanyabiashara wa siku nyingi na mtu wa kujitolea. Sioni biashara yake inahusiana vipi na ujumbe wa chama. Naomba turudi kwenye swali.

Binti wa Chaani

Inahusiana, ndiyo maana umeiruka. Ni wakala wa vibarua au siye?

Katibu wa Tawi

Sawa, nitasema. Ndiyo, ana kampuni inayopeleka vibarua katika viwanda kadhaa. Kiwanda kinamlipa yeye, naye anawalipa vijana baada ya kukata sehemu yake, na ni kweli wapo wanaolalamika kwamba makato ni makubwa. Vilevile ndiye tuliyekubaliana kumsimamisha kuwania uwakilishi wa wadi, ingawa halijatangazwa.

Lakini naomba mnielewe kabla ya kunihukumu. Kodi ya ofisi ya tawi analipa yeye. Kijana akikamatwa usiku, yeye ndiye anayekwenda kituoni. Mamia ya watu hapa hupata riziki kwa mkono wake, na tukimwacha leo atahamia chama kingine kesho asubuhi pamoja na fedha zake, nasi tubaki na katiba ya chama na viti vya plastiki. Jezi zimekwisha kulipiwa. Siwezi kuuvunja mpango mzima kwa sababu ya maneno ya jukwaani.

Mshauri wa Kazi

Sasa swali limepata mwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya kupumzika siku moja kwa wiki kwa malipo na ya kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Ibara ya 41 ya Katiba inampa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Watu wengi katika eneo lenu wanafanya kazi miaka nenda miaka rudi wakiitwa vibarua wa siku, na mfumo wa mawakala ndio unaorahisisha jambo hilo, kwa maana kiwanda kinasema hawa si wangu na wakala anasema kazi si yangu. Chama kinachotaka wapiga kura hawa kingeweza kuanza kwa kudai kifungu kimoja tu kitekelezwe getini. Kwa mgombea mliyenaye, hamwezi hata kukisoma hadharani.

Msomaji Makini

Samahani kwa kukatiza, lakini mimi sisadiki kisa hiki. Katibu wa tawi aliyeomba ujumbe wa kampeni anabanwa kidogo tu, kisha anafichua mgombea ambaye chama chenyewe hakijamtangaza? Naona mambo mawili yanawezekana: ama huyu ni mtu wa upande wa pili anayemchafua mwenyekiti ambaye wakazi wa Changamwe watamtambua mara moja, ama ni mtafiti wa chama fulani makao makuu anayekusanya mawazo ya bure kwa ajili ya ilani. Tuwe waangalifu, tusije tukatumika.

Mlipa Makato

Hata mimi nilihisi hivyo. Mbona hajajibu swali langu la tozo?

Dereva Mstaafu

Mawakala wa namna hiyo hawapungui eneo hili, kwa hiyo hakuna wa kuchafuliwa peke yake. Lakini kama ni uongo, aseme sasa, kwa sababu watu wameandika hapa mambo ya maisha yao.

Katibu wa Tawi

Sina namna ya kuthibitisha bila kutaja majina, na sitayataja. Kuhusu tozo, wabunge wetu waligawanyika, na hakuna hata mmoja aliyerudi wadini kutueleza.

Niseme tu ninachokiona, kwa kuwa nyumba yangu inatazama geti la kiwanda kimojawapo. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi vijana wamekwisha kupanga foleni. Karani wa mwenyekiti anakaa kwenye kreti ya soda, daftari likiwa gotini, na anaandika jina na namba ya simu ya yule tu aliyemridhia. Asiyeandikwa anangoja hadi lori la kwanza liingie, kisha anarudi nyumbani. Jioni malipo yanakuja kwa simu, na anayeuliza mbona yamepungua hasomwi jina kesho yake. Karani huyo ndiye pia mweka hazina wa tawi letu, na daftari la wanachama liko mikononi mwake.

Binti wa Chaani

Mimi namsadiki. Mtu asiyeishi pale hawezi kujua habari ya lori la kwanza. Na sasa, ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe: kijana anayekataliwa asubuhi na karani hawezi kuja jioni kupokea jezi kutoka kwa karani yuleyule. Wanapita kando ya viti vyenu kwa sababu wanaogopa kukaa, maana anayeonekana akiuliza swali mkutanoni anajua kesho litatokea nini foleni. Dada yangu alikosa kazi kwa njia hiyo baada ya kuuliza kuhusu malipo ya ziada ya usiku.

Mzee wa Kilindini

Mwanangu, kodi ya ofisi inaweza kulipwa kwa michango midogo ya wanachama, kama wazee wetu walivyofanya wakiwa maskini kuliko ninyi. Hamtakuwa na ofisi nzuri. Lakini mtakuwa na haki ya kumwuliza mtu yeyote jambo lolote.

Katibu wa Tawi

Nashukuru kwa maneno yenu, hata yale makali. Mashindano yataendelea, siwezi kuyazuia na sitaki kuwanyima vijana mchezo. Lakini kamati ya tawi inakutana kabla ya hapo, na nimeandika ajenda mbili: karani asiendelee kuwa mweka hazina, na mwenyekiti aeleze mbele ya kamati makato anayokata kwa kila kibarua. Suala la ugombea sijaliweka, kwa sababu nikiliweka sasa kikao hakitafanyika kabisa.

Mshauri wa Kazi

Ongeza ajenda ya tatu: daftari la wanachama litoke mikononi mwa karani kabla ya kikao, si baada. Na vijana wanaokuja kulalamika kwako waambie watunze ujumbe wote wa malipo kwenye simu zao, tangu wa kwanza. Afisa wa kazi wa kaunti ataanza kwa kuuliza huo.