Mjadala: Alama za vidole zikae kwenye seva kuu, au zibaki kwa mwenyewe?

Mleta mada:
Wakuu, napinga mifumo ya kuthibitisha watu inayorundika alama za vidole za wote kwenye kanzidata moja. Mwaka 2015 ilibainika kuwa OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani, imedukuliwa, na alama za vidole za watu milioni 5.6 zikaibwa. Nywila ikivuja unaibadilisha jioni hiyohiyo. Vidole vya watu hao ni vilevile hadi kaburini.

Mchangiaji 1:
Mkuu, unatutisha bure. Mifumo mingi haitunzi picha ya kidole. Inachukua zile nukta ambapo mistari inakatika au kugawanyika kama njia panda, inazigeuza namba. Mwizi atazifanyia nini namba?

Mleta mada:
Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini watafiti walishaonyesha kwamba kutokana na namba hizo unaweza kuchora upya kidole ambacho mashine inakikubali. Wala usizifananishe na nywila iliyopitishwa kwenye hashi, yaani hesabu inayoigeuza kuwa msimbo usioweza kurudishwa nyuma. Hashi inataka kitu kilekile kila mara, herufi kwa herufi. Kidole hakisomeki sawasawa mara mbili: leo umekandamiza, kesho kimelowa, keshokutwa umekiweka upande. Mfumo unalazimika kulinganisha kwa kukadiria, na mingi hufungua kwanza data iliyosimbwa ndipo ilinganishe. Ufunguo ukikaa kwenye seva ileile, aliyeingia humo ameshapata vyote. Na njia nyingine ipo: tangu iPhone 5s ya mwaka 2013, alama inabaki ndani ya simu chini ya ulinzi wa chipu, programu inapewa jibu tu, ndiye au siye.

Mchangiaji 2:
Sawa, lakini mtu akijiandikisha mara mbili kwa majina mawili, simu yake itamkamataje? Hapo lazima alinganishwe na wote.

Mleta mada:
Hapo umenibana, nakubali. Kazi hiyo inahitaji kanzidata. Ila ni kazi ya siku ya kuandikishwa, basi. Kinachoniuma ni kanzidata hiyohiyo kuunganishwa na kila mlango na kila kaunta, kumthibitisha mtu ambaye angeweza kupewa kadi yenye chipu inayolinganisha kidole humohumo. Ya uandikishaji iondolewe mtandaoni, ifunguliwe kwa kazi yake tu. Mkuu, wewe una pingamizi gani na kuzitenganisha?