Naomba ushauri: presha kuka ya umeme au sufuria ya mvuke ya ghorofa?

Habari zenu wapendwa. Mama ameshauriwa kupunguza mafuta, kwa hiyo nataka samaki, mchicha na viazi vitamu vyake viive kwa mvuke. Presha kuka ya umeme inanivutia kwa sababu ya maharage: ndani inafika karibu nyuzi 120, mvuke wa kawaida huishia 100, na LUKU hailiwi sana. Ila naogopa mchicha utalainika mno, na kufungua katikati ili kuongeza kitu ni usumbufu. Sufuria ya ghorofa naweza kuiweka kwenye gesi hata umeme ukikatika, na ghorofa moja samaki, nyingine mboga. Mimi naegemea hii. Mnaopikia wagonjwa nyumbani, mnatumia ipi? Na presha, mpira wa mfuniko ukichakaa mnapata wapi?