Ulinganisho: RPG ya kundi, solo kwa ramli, gemu za shajara au za mapango, ipi inakukuza zaidi kwenye utunzi?

Peni_na_Dadu

Wakuu habari zenu. Naombeni tulinganishe hizi RPG (michezo ya kuigiza mhusika, unatunga hadithi yake na dadu zinaamua yatakayompata) kwa uzito maana kila nikiuliza najibiwa "anza na Dungeons & Dragons" basi, ambayo ni ya kundi, na kwa hali yangu hilo jibu halinifikishi popote.

Kundi letu tulikuwa watano, tumecheza kama mwaka na nusu hivi, mmoja ndo muongozaji sisi wengine kila mtu na mhusika wake, halafu maisha yakaingilia, mmoja kahama, mwingine kapata mtoto, ikawa kila tukipanga siku wawili hawapo. Kampeni (ile hadithi ndefu ya vikao vingi) ikafa katikati na mhusika wangu yuko mbele ya lango la mji aliokuwa anautafuta tangu kikao cha kwanza. Iliniuma kwa kweli. Na nilichokuja kugundua ni kwamba sikuwamisi marafiki tu, nilimisi kutunga, ile saa unakaa unawaza mtu ambaye si wewe anataka nini na anaogopa nini.

Peke yangu nimejaribu mbili. Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya 2018, pdf yake ni ya bure, nimecheza vikao sita. Unarusha dadu moja ya pande sita unajumlisha na uwezo wa mhusika, halafu unalinganisha na dadu mbili za pande kumi, ukizizidi zote umefaulu safi, ukizidi moja umefaulu ila kuna gharama, usipozidi hata moja mambo yanaharibika. Hiyo ya katikati ndo imenishika, maana inakulazimisha utunge gharama yenyewe. Ya pili ni Thousand Year Old Vampire ya Tim Hutchings, ya kuandika tupu, nimefika katikati nikasimama, sijui ni uzito wa hadithi au ni mimi sijaielewa.

Nasikia pia Four Against Darkness, ya kuchora mapango, na wengine wanachukua mchezo wowote wanaufunga na Mythic, kitabu cha jedwali zinazokujibu badala ya muongozaji. Nataka kusikia waliokaa na hizi muda mrefu. Ipi inakufanya utunge vizuri? Kufurahisha najua zote zinafurahisha.

---

FundiRamani

Swali zuri sana mkuu na mimi ningeligeuza kidogo, jiulize mshangao unatoka wapi. Hadithi zetu zinaanza mtu akisema paukwa, na haziendi mpaka mwingine aitikie pakawa. Mezani na kundi wanaoitikia ni wenzako. Ukiwa peke yako lazima kitu kingine kiitikie, na hizi gemu zinatofautiana hapo tu, nani anakuitikia.

Ironsworn na Mythic anayeitikia ni ramli (mi naziita ramli zile jedwali za kujibu maswali, sijaona neno linalofaa zaidi). Unauliza swali la ndiyo au hapana, unakadiria uwezekano, unarusha dadu ya mia. Kwenye Ironsworn ukisema kitu "kinaelekea" kutokea basi 26 kwenda juu ni ndiyo, ukisema uwezekano ni mdogo sana mpaka upate 91 kwenda juu. Mythic ya Tana Pigeon, ya 2003, toleo la pili limetoka 2023, yenyewe inaongeza kipimo cha vurugu kuanzia 1 mpaka 9, unaanza na 5, mhusika akishindwa kudhibiti mambo kinapanda, akidhibiti kinashuka. Kikiwa juu, kila tukio ulilolipanga lina nafasi kubwa ya kugeuka kabla hujaanza kulicheza.

Kwa utunzi hapo pananoga sana. Unaandaa tukio kichwani vizuri kabisa, unarusha, linavunjika mkononi, na unatakiwa ujenge kwa vile vipande hapo hapo. Mtu anayeandika peke yake bila dadu hapati zoezi hilo, akili yake inampeleka njia anayoijua kila siku.

---

Kikao_cha_Ijumaa

Mi natofautiana na nyie kwa heshima. RPG ni watu. Nimekuwa muongozaji miaka mingi na vitu vizuri vyote nilivyowahi kuona mezani vimetoka kwa mtu mwingine kusema jambo nisilolitegemea, dadu haikuangalii usoni, haijui kwamba jana umefiwa ikakupunguzia ukali wa tukio, haicheki. Ukikaa peke yako na daftari unaandika hadithi, ni jambo jema tu ila tuliite jina lake. Mleta mada tafuta kundi jipya, hata la watu watatu, hata la mtandaoni, saa mbili kwa wiki mbili.

---

MzeeWaKete

Ndugu yangu Ijumaa nakuheshimu ila kucheza peke yako kuna umri karibu sawa na mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons imetoka 1974. Tunnels & Trolls ya Ken St. Andre ikafuata 1975, na 1976 tayari ikatoka Buffalo Castle, kijitabu cha kuchezwa na mtu mmoja, unasoma kifungu unachagua unapelekwa kifungu kingine. Na kitabu cha muongozaji cha D&D cha 1979 kina kiambatisho cha jedwali za kujichorea pango kwa kurusha dadu, chumba kwa chumba, mtu yuko peke yake. Kwa hiyo hao walioutengeneza mchezo hawakuona kwamba mtu mmoja na dadu zake yuko nje ya mchezo.

Ila nakubaliana nawe kwamba raha zenyewe ni mbili tofauti. Meza ya watu inakufundisha kusikiliza na kumwachia mwenzako nafasi, na hilo ukiwa peke yako hulipati hata ukeshe.

---

Bint_Shajara

Naomba niseme kuhusu Thousand Year Old Vampire kwa sababu nimeimaliza mara tatu, na kaka Peni naona umesimama mahali ambapo watu wengi wanasimama.

Utaratibu wake mdogo tu, unarusha dadu ya pande kumi na ya pande sita, unatoa ya pili kwenye ya kwanza, jibu linakusogeza mbele au linakurudisha nyuma kwenye orodha ya vichokoo (vifungu vya kukuchokoza uandike), na ukirudi pale pale unakuta kichokoo cha pili cha mahali hapo. Uzito wote uko kwenye kumbukumbu. Mhusika wako ana nafasi ya kumbukumbu tano tu na kila moja inabeba matukio matatu. Zikijaa lazima usahau moja ndo uweke mpya. Unachukua peni unamkata mama yake, sijui kijiji chake, kwa mkono wako mwenyewe. Unaweza kuhamishia baadhi kwenye shajara, zinaingia nne, lakini shajara ni kitu na kitu kinapotea.

Mara ya kwanza nilisimama kama wewe, nikadhani nimechoka, kumbe sikutaka kukata. Niliporudi baada ya wiki tatu nikakata kumbukumbu ya dada wa mhusika, na vifungu viwili mbele akaja mtu anafanana na huyo dada, na mhusika wangu hamjui. Mimi namjua. Nilikaa na hiyo sentensi nusu saa nzima kabla sijaandika nyingine. Hakuna kozi ya uandishi iliyowahi kunifundisha kiasi hicho kuhusu nini kiachwe nje ya hadithi.

Angalizo langu, usiicheze kipindi una msiba au mawazo mazito. Na usiandike kurasa kwa kila kichokoo, sentensi mbili tatu zinatosha, ukiandika nyingi utachoka kabla ya karne ya pili.

---

Mchimba_Pango

Naona Four Against Darkness haina mtetezi ngoja niisemee. Penseli, karatasi ya miraba, dadu mbili za pande sita, wahusika wanne, unarusha unachora chumba, unarusha unajua kuna nini ndani. Kutunga hadithi ni kidogo sana, sikudanganyi. Lakini kuna siku umetoka kazini kichwa hakina neno hata moja na bado unataka kushika penseli, siku hiyo ramli za Mythic zitakushinda ila pango utachora. Mi ramani zangu nazihifadhi, baadae nikiwa na nguvu nazipa majina na historia. Kwa hiyo kwangu hii ni shamba, kule kwingine ndo jikoni.

---

Mgeni_Mpya

Samahanini naomba kuuliza, mimi dadu za pande kumi sina, nina za pande sita na karata za kawaida, naweza kuanza?

---

FundiRamani

Karibu sana mdau, unaweza kabisa. Chukua karata ree mpaka kumi, karata za picha weka pembeni. Ukichomoa moja umepata dadu ya pande kumi. Ukitaka mia, chomoa ya kwanza iwe makumi, irudishe, changanya, chomoa ya pili iwe mamoja, kumi uisome sifuri, na sifuri mbili zikikutana ni mia. Kumbuka kurudisha, usiporudisha hesabu inapinda.

Halafu kuna kitu nataka niwape wote humu maana kimenibadilishia mchezo. Hizi gemu karibu zote zimeandikwa Kiingereza, na zile jedwali za maneno ya kuchochea mawazo ukizitafsiri neno kwa neno zinakuja kavu. Mi nimetengeneza jedwali langu la methali 36. Unarusha dadu mbili za pande sita, moja unasoma makumi nyingine mamoja, kwa hiyo inaanza 11 inaishia 66 na jumla ni nafasi 36. Ramli inapojibu ndiyo au hapana na sijui maana yake nini, nairushia methali.

Mfano wa kweli. Mhusika wangu ni mtunza mnara wa taa, usiku meli inakuja haina taa hata moja. Nikauliza, kuna mtu hai humo? Nikasema uwezekano mdogo sana, nikitegemea hapana ili nipate meli ya mizimu. Ikatoka 94, ndiyo. Nikarusha methali ikaja *mgeni njoo mwenyeji apone*. Nikaganda. Apone nini? Mtunza mnara wangu nilikuwa nimecheza naye vikao vinne na sikujua kama anaumwa. Nikarudi kwenye notsi zangu nikakuta kila kikao ameshindwa kupanda ngazi kwa mara moja, nilikuwa naandika tu kama pambo. Kumbe alikuwa mgonjwa muda wote. Kampeni nzima ikageuka hapo, na mimi ndo niliyekuwa nimeiandika bila kujua.

---

Bint_Shajara

Jamani Fundi hiyo ya ngazi imenisisimua. Mi sasa hivi natengeneza la kwangu la vitendawili.

Na Mgeni_Mpya nikuongezee, usikusanye. Watu wengi wanaopenda hobi hii wanapakua gemu arobaini za bure na hawajacheza hata moja mpaka mwisho. Chagua moja, kaa nayo vikao vitano, ndo uhukumu.

---

Kikao_cha_Ijumaa

Nimesoma yote taratibu. Ile ya mtunza mnara imenigusa, na nakubali, kile ni kilekile ninachokitafuta mezani, kuambiwa jambo usilolijua kuhusu mtu wako mwenyewe. Bado nasema meza ya watu ndo kwanza kwangu. Ila mleta mada kuna njia ya kati haijasemwa, Ironsworn inachezwa hata na watu wawili bila muongozaji, ramli ndo inakuwa muongozaji wenu. Wawili kupata siku moja ni rahisi kuliko watano.

Na kuhusu yule mhusika wako wa langoni, usimwache pale. Kama mlikuwa na D&D, sehemu ya kanuni zake za toleo la tano iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo hata ukija kuandika kitu juu yake ukataka kukitoa, kanuni zile hazikuzuii. Mfunge na Mythic au hata hizo ramli za Ironsworn, mmalizie safari yake.

---

Peni_na_Dadu

Nimerudi wakuu, nimekaa kimya wiki moja nilikuwa nafanyia kazi mliyoniambia.

Hitimisho langu kwa sasa, na ni langu mimi. Kwa kutunga tukio na kulivunja, Ironsworn na ramli. Kwa kuandika sentensi yenye uzito, Vampire, na dada Shajara umesema kweli, nilikuwa nakataa kukata, nimemkata mtu mmoja jana na nimeendelea. Mapango nimeyaweka kwa siku za uchovu. Mythic bado, nitaisogelea baadae.

Ila kubwa ni hili. Jana usiku nilimtoa mhusika wangu wa zamani kwenye karatasi yake, nikaandika methali 36 kama Fundi alivyosema (nilifika 29 nikakwama, nikampigia mama akanimalizia saba kwa dakika mbili), nikamsimamisha pale pale mbele ya lango tulipomwacha. Nikauliza, lango liko wazi? Nikasema inaelekea, mji wa biashara ule, mchana kweupe. Nikarusha, 19. Hapana. Mwaka na nusu wa safari na lango limefungwa. Nikarusha methali, ikaja *mtaka cha mvunguni sharti ainame*.

Nikamwinamisha. Chini ya lango kuna upenyo wa maji, na kwenye ule upenyo umetoka mkono wa mtoto umeshika kipande cha ramani. Ni kile kipande ambacho mwenzetu alikipoteza mtoni kikao cha tatu, sote tukasema basi, kimeenda.

Nikapiga picha ukurasa nikautuma kwenye grupu letu la zamani, lilikuwa kimya tangu mwezi wa pili. Asubuhi nimekuta wawili wameuliza huyo mtoto ni nani. Sijawajibu. Tumepanga Jumamosi usiku, watatu.