Bata wa mbao wa marehemu rafiki yetu: tuwapange vipi?

Wakuu, rafiki yetu wa hapa Maryland ametangulia mbele ya haki. Mjane ametukabidhi bata sita wa mwerezi aliowachonga ili kuwavutia bata mwitu wakati wa kuwinda. Chini wana kipande cha risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), hawasimami sawa. Niwapige vanishi?

Jibu: Pole sana. Vanishi hapana! Mistari ya brashi ya marehemu kwenye rangi ndiyo kumbukumbu yenyewe. Futa vumbi kwa brashi laini, kavu. Risasi usiing'oe. Gundisha rafuni vipande viwili vya mbao vilivyozidi kimo cha risasi, ukiacha nafasi risasi ipite katikati, tumbo la bata likalie juu ya mbao.

Jibu: Usimnyanyue bata kwa kichwa, kiungo cha shingo huachia. Weka mbali na hita na jua: mti ukikauka hupasuka, rangi hubanduka. Ukigusa risasi, nawa mikono. Jina la marehemu liandike kwenye kadi pembeni.