Wakuu, Premio inalala kwenye kona, nifunge tairi saizi gani?

Kijana_Mwandiga: Wakuu habari za jioni. Nina Premio, inavaa 195/65R15. Nikitoka Mwandiga kwenda Kasulu, kwenye kona gari linalala upande kama mtumbwi uliozidiwa mzigo. Nataka 215/45R17 lishike lami, au niishie 205/55R16? Nijibuni haraka, usingizi sipati.

Fundi_Gungu: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana, ndiyo kimo cha ukuta wa tairi, R15 ni rimu ya inchi 15. Wako ni milimita 127 hivi. Hiyo 215/45 ni 97, shimo moja tu rimu imepinda. 205/55R16 ikisimama inakaribiana kabisa na ya sasa, kimo chote milimita 632 kwa 634, hata spidi ya dashibodi haikudanganyi. Ila kulala hivyo sidhani ni tairi. Springi umezigusa?

Mama_Kasulu: Mume wangu alifunga marimu makubwa, kutwa kwa fundi. Tukauza gari, tukanunua mashine ya kusaga. Punguza mwendo, mwanangu.

Kijana_Mwandiga: Shikamoo mama. Mwendo wangu wa kawaida tu.

Fundi_Gungu: Hujanijibu.

Kijana_Mwandiga: Springi nzima. Nilifunga spesa tu, vile vipande vya kunyanyua gari kwenye springi, inchi 2 mbele na nyuma, njia ya kuingia nyumbani ilikuwa inagonga chini. Mbona wengi wanafunga? Na rimu za 17 na tairi zake nimeshalipia advansi, hairudi.

Kipara_Ujiji: Kumbe huombi ushauri, unatafuta wa kukubariki.

Fundi_Gungu: Umelinyanyua gari, uzito wote uko juu, halafu lawama kwa tairi. Toa spesa, kagua shokapu na bushi, piga alaimenti, upepo jaza kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Hizo tairi ni za mtumba? Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi.

Kijana_Mwandiga: 3213. Lakini kashata, yaani meno ya tairi, bado nene.

Fundi_Gungu: Wiki ya 32, mwaka 2013. Kashata nene, mpira mgumu. Kwenye mvua utanikumbuka.

Baharia_Kibirizi: Mimi naona chai hapa. Juzijuzi humu humu ulikuwa unaomba mtaji wa dagaa, leo Premio na rimu 17? Weka picha.

Kijana_Mwandiga: Sio chai mkuu. Gari la shemeji, yuko Dar, kaniachia nilitunze.

Mama_Kasulu: La shemeji! Na spesa anajua?

Kijana_Mwandiga: Akirudi akalikuta limependeza atafurahi. Turudi kwenye saizi jamani.

Kipara_Ujiji: Picha bado hatujaona. Baharia, dagaa hapo Kibirizi leo kilo wanauzaje?