Carina Ti inagonga injini ikipata moto: ni tapeti au konrodi?

Mtu_wa_Uyole
Habari za saa hizi wakuu. Gari ni Carina Ti ya 1998, injini 5A-FE, gia otomatiki. Asubuhi huku Uyole, hata baridi ikiwa kali, inawaka vizuri na imetulia. Ikishatembea kama robo saa inaanza kugonga, sauti nzito ya chini, ko-ko-ko-ko, hasa kwenye mizunguko 2,000 hivi na pale ninapoachia mafuta. Nikisimama kwenye foleni taa ya oili inawaka kidogo na kuzima. Oili kwenye stiki ipo. Fundi mmoja amesema tapeti, mwingine anataka ninunue injini ya mtumba, wa tatu anasema niweke oili nzito, basi. Nitajuaje tatizo lilipo kabla sijatoboa mfuko?

Spana_Mafinga
Kamwene mkuu. Tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) hulia juu, chini ya kava ya hedi, kwa sauti nyepesi kama cherehani, na huzisikia tangu gari linapowashwa. Kemshafti (mhimili unaofungua valvu) inazunguka nusu ya kranki (mhimili mkuu wa injini), kwa hiyo mdundo wa tapeti ni wa taratibu kuliko wa konrodi, yaani mkono unaounga pistoni na kranki. Ukitaka kuziondoa kwenye mashaka, pima kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi: valvu za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za moshi 0.25 hadi 0.35. Pistoni iliyolegea nayo hugonga asubuhi, kisha sauti hupungua kwa kuwa pistoni hutanuka ikipata moto. Lako linafanya kinyume. Moto ukiingia, oili inakuwa nyepesi na nafasi iliyozidi kwenye beringi inajitokeza. Hiyo ni tabia ya beringi za konrodi (vipande laini vinavyokaa kati ya konrodi na kranki), na taa hiyo ya oili inanitisha kuliko hata kelele.

Ila usikubali mtu afungue injini kwa kusikiliza tu. Kwanza toa swichi ya oili, funga geji ya mkono kwenye tundu lake, washa mpaka injini ipate moto kamili, kisha soma. Kwenye mizunguko 3,000 inatakiwa kilo 2.5 hadi 5.0 kwa sentimita ya mraba, sawa na psi 36 hadi 71. Bila kukanyaga mafuta isishuke chini ya kilo 0.3, yaani psi 4 na kidogo.

Pili, injini ikiwa inagonga, chomoa soketi ya umeme ya noozeli (kinachopuliza petroli) moja moja, usikilize, urudishe. Silinda ambayo sauti inafifia ukiikata ndiyo yenye beringi mbovu, kwa sababu mlipuko hauisukumi tena konrodi. Nasema noozeli, si waya za plagi. Waya ukining'inia unaua kifaa cha moto, na petroli isiyoungua inaishia kwenye sailensa.

Tatu, mwaga oili kwenye beseni jeupe, ipeleke juani na uikoroge taratibu. Ukiona unga unaometa kama rangi ya fedha au shaba, hayo ni mabaki ya beringi. Pitisha sumaku: unga wa beringi hauvutwi, wa chuma unavutwa. Filta nayo ipasuliwe, karatasi ikunjuliwe mkunjo kwa mkunjo.

Hiyo oili nzito inafunika sauti kwa wiki chache tu huku chuma kikiendelea kulika. Na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, inachelewa kupanda juu kila asubuhi.

Kyela_Chini
Nakubaliana na Spana, ila kwa otomatiki msisahau sahani inayounga kranki na gia. Ikipasuka au boliti zake zikilegea, inagonga kama konrodi kabisa. Weka bisibisi ndefu sikioni: ikisikika zaidi nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi, fungua kifuniko kidogo cha chini ukague kwa tochi kabla ya kugusa sampo (bakuli la oili chini ya injini).

Na kuna sauti nyingine watu wanachanganya: mlio mkavu kama kokoto kwenye kopo, unaotokea ukikanyaga mafuta kupanda mlima na kupotea ukiachia. Huo ni petroli kulipuka vibaya kwenye silinda. Gari linaweza kunyamaza Mbeya mjini kwenye mita 1,700 na kulia likiwa Kyela au likipandisha mlima wa Kitonga, kwa sababu kule chini hewa ni nzito na joto ni kali. Dawa yake ni taimingi, yaani muda wa cheche (unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, weka digrii 10), kusafisha masizi na kuangalia kama injini inachemka. Lako halifanani na hilo.

Mtu_wa_Uyole
Majibu: mizunguko 3,000 geji inasoma psi 14, bila kukanyaga mafuta mshale umelala karibu na sifuri. Nikikata silinda ya tatu, sauti inafifia kabisa. Beseni linameta. Je, nibadilishe beringi ya silinda ya tatu tu? Na naweza kuliendesha mpaka gereji Mwanjelwa?

Spana_Mafinga
Beringi moja usibadilishe. Psi 14 maana yake zote zimechoka, au oili haifiki. Sampo ikishuka, anza na chujio la pampu ya oili. Likiwa limeziba kwa tope jeusi, umekipata chanzo, na beringi mpya bila kulisafisha zitakufa vilevile. Pampu nayo ipimwe.

Weka alama kwenye kila kofia ya konrodi, namba na upande wa mbele, kabla ya kulegeza nati. Kofia zikibadilishana, kazi imeharibika. Pitisha ukucha kwenye kranki: ukikwama, isagwe. Hata isipokwama, maikromita ipite pande mbili za kila shingo (pale konrodi inaposhika kranki), na tofauti ikizidi milimita 0.02 isagwe pia, shingo zote nne, zifungwe beringi za saizi 0.25, za kranki iliyosagwa. Kwa kuwa ya tatu imegonga muda, tundu kubwa la konrodi yake nalo lipimwe kama limekuwa yai.

Baada ya kusaga, matundu ya oili ndani ya kranki yaoshwe kwa mafuta ya taa na kupulizwa kwa kompresa. Mchanga wa jiwe la kusagia ukibaki humo, beringi mpya hazimalizi mwezi. Wakati wa kufunga tumia plastigeji (uzi laini wa plastiki unaobanwa kupima nafasi), usizungushe kranki ikiwa ndani. Nafasi ya oili ni milimita 0.02 hadi 0.05, ikifika 0.08 usifunge. Nati zikazwe kwa torki renchi kwa kipimo cha 5A-FE. Usichukue cha injini ya 7A.

Kabla ya kuwasha, chomoa soketi za noozeli, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Oili hiyo ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 1,000.

Kuhusu Mwanjelwa: usiliwashe tena. Konrodi ikikatika inatoboa bloku, na hapo hakuna cha kusaga. Livutwe tairi za mbele zikiwa juu, maana otomatiki ikiburutwa kwa tairi za mbele giaboksi haipati oili.

Mtu_wa_Uyole
Ndaga fijo wakuu. Natafuta gari la kuvuta.