Wayahudi "walipewa uhamisho" 1492? Naomba msaada wa maneno ya Kihispania

Baharia wa Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi baharia mstaafu, niko Tanga. Kihispania changu nilikiokota melini, jikoni, kwa mpishi wa Kikyuba niliyemenya naye viazi miaka kumi na moja. Sasa mjukuu wangu anayefundisha historia sekondari kaniletea kijitabu cha kurasa 8 juu ya watu waliotolewa Hispania kwa sababu ya dini, anataka akisome na kidato cha tatu. Nikajigamba ni kazi ya jioni mbili. Leo wiki ya tatu.

Kijitabu kina expulsión, destierro, extrañamiento, exilio. Mimi zote nikaziita uhamisho. Rasimu ya kwanza ikasema: "Mwaka 1492 Wayahudi wa Hispania walipewa uhamisho." Mjukuu akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Babu, na posho ya kujikimu walilipwa?" Ana haki. Kwetu uhamisho ni barua ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, na makochi juu ya Fuso.

Extrañamiento ndiyo iliyonizamisha. Yule mpishi kila tukikaribia Krismasi alikuwa akisema "extraño a mi madre", yaani anamkumbuka mama yake, roho inamwendea. Basi nami nikaandika: "Mwaka 1767 Mfalme Carlos III aliwakumbuka mno Wajesuiti", yaani mapadre wa shirika moja la Kikatoliki. Sentensi ya pili wanapakiwa merikebuni chini ya ulinzi. Mapenzi gani hayo?

Mwalimu wa Kaole
Shikamoo mzee wangu. Hapa Bagamoyo nimecheka peke yangu kibarazani.

Mpishi wako hakukudanganya, ila neno lina shina moja na matawi mawili. Extraño ni mgeni. Ukimkosa mtu, dunia inakuwa ngeni kwako. Hilo ndilo tawi la mpishi. Tawi la mfalme ni kumfanya raia wako mwenyewe kuwa mgeni. Sisi wa pwani tuna neno tayari: ajinabi. "Carlos III aliwafanya Wajesuiti kuwa ajinabi katika dola yake yote", na dola hiyo ni pamoja na makoloni ya Amerika. Linawafaa kabisa, maana walipofikishwa Civitavecchia, bandari ya Papa, Papa Klementi XIII naye alikataa wasishuke. Wakaishia kisiwa cha Corsica. Hao ni ajinabi wa pande zote.

Destierro uiangalie mara mbili. Ndani yake mna tierra, ardhi. Lakini mahakama za zamani, hata za Inkwizisheni (zile za Kanisa za kuwasaka wazushi), zilimpa mtu destierro ya mji mmoja tu: usikanyage hapa wala vitongoji vyake, kaa kwingine kokote humuhumu nchini. Huyo hakuhama nchi. Huyo kapigwa marufuku mji.

Binti Pangani
Shikamoo babu, shikamoo mwalimu. Mimi nalitetea neno uhamisho. Kanisani tunasoma "uhamisho wa Babeli" na hakuna anayefikiria makochi.

Baharia wa Chumbageni
Marahaba mwanangu. Hilo la Babeli nililifikiria usiku. Lakini wale wa Babeli walichukuliwa wakapelekwa *mahali*. Aliyewahamisha alijua anakowaweka. Hawa wa 1492 hakuna aliyewapangia pa kwenda. Amri ilitoka Granada tarehe 31 Machi: ubatizwe, au hadi mwisho wa Julai uwe umetoka, na dhahabu, fedha na sarafu usitoke nazo. Sasa mtu anauza nyumba, halafu pesa ya nyumba haruhusiwi kuondoka nayo. Huyo nimwandikie "kahamishwa"? Nimeandika *walifukuzwa*. Neno la mtaani, lakini mtoto wa kidato cha tatu halimpiti.

Exilio nimeiachia "uhamishoni". Kijitabu kinaitumia kwa wale waliokimbia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilivyokwisha 1939, na redio imeshatuzoesha kusikia mtu anaishi uhamishoni.

Abuu wa Barabara ya 12
Assalaam alaykum mzee. Na Waislamu wa huko je? Mimi ningesema hijra, tusitafute mbali.

Baharia wa Chumbageni
Waalaykum salaam sheikh wangu. Hijra nilishaiandika, nikaifuta. Mtu akifanya hijra, mtendaji ni yeye. Ingefaa kwenye habari za al-Wansharisi, mwanachuoni wa Fez huko Moroko, aliyetoa fatwa mwaka 1491 kwamba Waislamu walio chini ya wafalme wa Kikristo wahame. Wengi walibaki, wakabatizwa kwa nguvu, na mwaka 1504 mufti anayejulikana kama wa Oran, mji wa Algeria ya leo, akawaruhusu kuificha imani moyoni. Hao ndio wanaoitwa moriscos. Amri ya kuwaondoa ilianzia Valencia Septemba 1609, ikaendelea mpaka 1614, watu kama 300,000, na mbele ya sheria walikuwa Wakristo! Kwa hiyo hata "Waislamu walifukuzwa" inataka maelezo. Nimeandika: "Wamorisko walifurushwa." Kufurushwa kuna mshindo wa milango ndani yake.

Mwalimu wa Kaole
Mzee, na conversos umewaitaje?

Baharia wa Chumbageni
Aibu tupu. Niliandika "Wayahudi waliosilimu kuwa Wakristo." Mjukuu hakucheka safari hii, aliniangalia tu. Ulimi wa pwani umezoea, mtu akibadili dini unasema kasilimu. Nimerekebisha: "waliobatizwa, wao au wazazi wao".

Limebaki moja, marrano, tusi walilotukanwa hao hao. Jikoni kwetu marrano alikuwa nguruwe, tena wa kuchoma. Nikiandika "nguruwe", darasa zima la Tanga litaangua kicheko na kipindi kimekwisha. Nikiandika "wanafiki", nimewasafishia waliotukana. Kwa sasa nimeliacha kwa Kihispania, pembeni nimeweka "tusi, muulizeni mwalimu". Mwalimu mwenyewe, yaani mjukuu wangu, hajaiona bado. Anakuja kesho kuchukua daftari.